Pale Sukari Isipotoa Jibu: Asidi Amino za Mionzi na Picha za Saratani

Hotuba kwa wanafunzi wa kemia, famasia na radiolojia, Nairobi

Walimu wangu, madaktari, wataalamu wa maabara, nanyi wanafunzi mlioacha shughuli za mchana huu mkaja: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Niliombwa nizungumzie maendeleo ya tiba ya nyuklia kwa jumla. Nimeomba ruhusa nipunguze mada. Nitazungumzia molekuli chache tu, kwa sababu naamini mtu akielewa vizuri dawa moja ya picha ilivyobuniwa, nyingine atazielewa upesi kuliko aliyesomewa orodha ndefu.

Tuanze na mgonjwa. Ana glioma, yaani saratani iliyoanzia kwenye ubongo wenyewe. Amepasuliwa, amepigwa mionzi, amemaliza vidonge vyake. Miezi kadhaa baadaye MRI inaonyesha doa jipya linalong'aa palepale alipotibiwa. Doa hilo laweza kuwa saratani iliyorudi. Laweza pia kuwa jeraha la mionzi, yaani tishu iliyokufa na kuvimba. Kwenye MRI ya kawaida mawili haya hufanana sana, kwa sababu kinachong'aa ni dawa ya kontrasti iliyovuja mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimeharibika, na kizuizi hicho huharibiwa na saratani na huharibiwa pia na mionzi. Jibu la kwanza humrudisha mgonjwa kwa mpasuaji. La pili humrudisha nyumbani na dawa za kupunguza uvimbe. Mara nyingi daktari mkweli hana la kusema ila tungoje, tupige picha nyingine baadaye. Kungoja huko, kwa mtu mwenye glioblastoma, aina kali ya glioma, ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki.

Kazi nitakayoieleza leo ilifanywa ili kungoja huko kupungue.

Mtaniuliza: si kuna PET, picha inayoonyesha mahali dawa yenye mionzi imejikusanya mwilini? Ipo, na dawa yake maarufu ni FDG, glukosi iliyofungwa florini-18, atomu inayotoa mionzi. Mwaka 1976 wanakemia wa maabara ya Brookhaven, kule New York, waliitengeneza ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia, ambako binadamu wa kwanza alidungwa na kupigwa picha. Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa pupa, Otto Warburg aliliona hilo tangu miaka ya 1920, kwa hiyo FDG hujikusanya ndani yake na kuonekana. Kwa limfoma na saratani ya mapafu imefanya kazi kubwa mno, na siko hapa kuivunjia heshima.

Lakini ubongo wenyewe unaishi kwa sukari. Unatumia takriban asilimia 20 ya glukosi ya mwili mzima. Ukimdunga mgonjwa wetu FDG, gamba lote la ubongo litawaka, na uvimbe uliomo humo utapotea katika mwanga wa jirani zake wenye afya. Tezi dume nayo ina shida yake. Saratani nyingi za tezi hiyo hukua polepole na hazitumii sukari nyingi, tena FDG hutoka mwilini kwa mkojo, na kibofu kimekaa juu kabisa ya tezi. Unatafuta kidoa kidogo chini ya kibofu kilichojaa mionzi.

Hapo ndipo wanakemia waligeukia asidi amino. Seli inayogawanyika haraka inahitaji protini, na protini hujengwa kwa asidi amino. Kwenye utando wa seli kuna protini maalumu za kuzivuta asidi amino ndani. Moja inaitwa LAT1. Wajapani, Yoshikatsu Kanai na wenzake, waliitambulisha mwaka 1998. Nyingine ni ASCT2. Saratani nyingi huziongeza protini hizi kwenye utando wake kupita kiasi. Ubongo wenye afya, kinyume na ulivyo kwa sukari, huchukua asidi amino kidogo. Na kuna neema nyingine ambayo wanafunzi wa radiolojia naomba waishike: LAT1 ipo pia kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo. Kwa hiyo asidi amino haihitaji kizuizi kiwe kimevunjika ndipo ipite. Sehemu ya uvimbe ambayo kontrasti ya MRI haijaigusa, asidi amino yaweza kuifikia.

Waliotangulia walitumia metionini, asidi amino ya asili, wakaiwekea kaboni-11, yaani kaboni inayotoa mionzi. Mwanakemia hupenda kaboni-11 kwa sababu metionini ina kaboni tangu asili. Ukibadilisha kaboni moja kwa nyingine, molekuli inabaki ileile, mwili hautambui tofauti. Picha zilitoka nzuri. Lakini nusu-maisha ya kaboni-11, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni kama dakika 20. Maana yake, saa moja baada ya kuizalisha umebaki na takriban sehemu moja ya nane. Humo ndani ya saa hiyo unatakiwa uwe umeifunga kwenye metionini, umeisafisha, umeipima, umeivuta kwenye sirinji na umefika kitandani. Hospitali yenye saiklotroni, mashine ya kuzalisha atomu za mionzi, ghorofa ya chini inaweza. Hospitali ya mji wa pili haiwezi, hata barabara iwe ya lami mpya.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo hoja yangu ya leo. Tunafundisha nusu-maisha kama hesabu ya mtihani. Ukweli ni kwamba anayechagua atomu ya kufunga kwenye dawa anachagua pia wagonjwa watakaoipata. Florini-18 ina nusu-maisha ya dakika 110 hivi. Baada ya saa moja umebaki na asilimia 68. Baada ya saa nne bado unayo zaidi ya moja ya tano. Uzalishaji mmoja wa asubuhi unaweza kuhudumia wagonjwa kadhaa, katika hospitali zaidi ya moja. Waliohangaika miaka mingi kuiweka florini kwenye asidi amino walikuwa, watake wasitake, wanaongeza idadi ya watu watakaojibiwa swali lao.

Na walihangaika kweli. Florini-18 huzalishwa kwa kupiga protoni kwenye maji yenye oksijeni-18. Inatoka ikiwa ioni ya floridi ndani ya maji, na humo majini imezungukwa na molekuli za maji kiasi kwamba haina hamu ya kufanya kemia yoyote. Lazima uikaushe, uishikize kwa potasiamu iliyomezwa na molekuli iitwayo Kryptofix, ndipo floridi ibaki huru na iweze kushambulia. Njia hiyo ilionyeshwa vizuri na Kurt Hamacher na wenzake wa Jülich, Ujerumani, mwaka 1986, kwa ajili ya FDG. Mkiona leo mashine ndogo ndani ya kabati la risasi ikitoa FDG kila asubuhi bila mtu kuigusa, msingi wake ni huo.

Tatizo la pili ni zito zaidi: asidi amino za asili hazina florini. Ukiibandika popote, unaweza kuwa umetengeneza kitu ambacho LAT1 haikijui. Au kinaingia, kisha vimeng'enya vinakikata na florini inaachiwa huru, inakimbilia kwenye mifupa, na daktari anaona mifupa iking'aa akadhani saratani imesambaa.

Kikundi cha Hans-Jürgen Wester huko Munich kilichukua tairosini, asidi amino nyingine ya asili, na kuitia mkia mdogo wa kaboni mbili wenye florini mwishoni. Wakachapisha mwaka 1999. Tunaiita FET. Inaingia kwenye seli za glioma, haijengwi kwenye protini, haivunjwi kwa haraka. Miaka michache baadaye Hamacher na Heinz Coenen, Jülich, wakapata njia fupi ya kuweka florini moja kwa moja kwenye kitangulizi, yaani molekuli inayongoja florini tu, kilichokwisha kuwa na umbo lote la FET, na mavuno yakawa ya kutosha kusambazia hospitali nyingine. Kwa maoni yangu hatua hii ya pili ndiyo iliyoifanya FET kuwa dawa. Molekuli nzuri isiyozalishika kwa wingi hubaki kwenye jarida.

Jülich hawakuishia kwenye picha za kupendeza. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya kazi ambayo namshauri kila mwanafunzi aisome: walichukua vipande 52 vya tishu kutoka sehemu zilizopimwa kwa usahihi kwenye ubongo wa wagonjwa, wakalinganisha darubini ilichosema na picha zilichosema. MRI peke yake ilikuwa nyepesi kukamata, asilimia 96, lakini umahususi wake ulikuwa asilimia 53 tu. Yaani karibu nusu ya mahali pasipokuwa na uvimbe iliita uvimbe. Walipoongeza FET, ukamataji ukawa asilimia 93 na umahususi ukapanda hadi 94. Kizingiti walichokipata, kwamba sehemu inayochukua FET mara 1.6 au zaidi ya ubongo wenye afya ishukiwe, kinatumika hadi sasa. Ndivyo dawa ya picha inavyostahili kuhukumiwa, kwa kinyama kilichokatwa na kuwekwa chini ya darubini.

Njia ya pili ilianza Marekani, na mimi huipenda kwa sababu ya umbo lake. Miaka ya 1970 kikundi cha Washburn huko Oak Ridge, Tennessee, kilijaribu asidi amino isiyo ya asili, yenye pete ya kaboni nne, wakiiwekea kaboni-11. Katika miaka ya 1990 Mark Goodman na Timothy Shoup wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, wakairudia pete ileile na kuiwekea florini-18 upande wa pili. Jina lake refu lina namba na vistari vingi. Kwa ufupi iliitwa FACBC, na leo ni flusiklovini.

Angalieni werevu wa pete hiyo. Kwenye asidi amino ya kawaida, kaboni ya katikati ina hidrojeni moja, na vimeng'enya vingi vya kuvunja asidi amino huanza kazi kwa kuing'oa hiyo. Ukiifunga kaboni hiyo ndani ya pete, hidrojeni haipo. Vimeng'enya havina pa kuanzia. Molekuli inaingia kwenye seli kwa ASCT2 na LAT1, haijengwi kwenye protini, haivunjwi. Tena pete yenyewe ina ulinganifu, kwa hiyo mwanakemia hana haja ya kutenganisha umbo la kushoto na la kulia, kazi inayomla muda mwingi kwenye tairosini. Anachotakiwa kuangalia ni florini imekaa upande gani wa pete.

Katika panya waliopandikizwa uvimbe wa ubongo, saa moja baada ya kudungwa, uvimbe ulikuwa umechukua FACBC zaidi ya mara 6 ya ubongo wenye afya. FDG katika jaribio hilohilo haikufika hata mara 1. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1999, na lengo lake, kama mnavyoona, lilikuwa ubongo.

Ila dawa hii ilipata kazi yake kubwa ya kwanza mahali pengine. Watafiti wa Emory, akiwemo David Schuster, waliona kwamba figo haziharakishi kuitoa. Kwa saa 4 za mwanzo ni takriban asilimia 3 tu ya mionzi inayotoka kwa mkojo. Kibofu kinabaki cheusi kwenye picha za mwanzo. Sasa kumbukeni nilichosema kuhusu tezi dume na kibofu. Mwaka 2007 wakachapisha uzoefu wao wa kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Tarehe 27 Mei 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaiidhinisha kwa wanaume ambao PSA yao, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, imepanda tena baada ya matibabu. Japani iliidhinisha mwaka 2021 kwa uvimbe wa ubongo, kusudio la mwanzo kabisa.

Hesabuni: kutoka kwenye karatasi ya panya hadi idhini, miaka 17. Wanafunzi wanaonijia wakitaka matokeo kabla ya muhula kwisha huwa nawatajia miaka hiyo, si kwa kuwavunja moyo. Ndani yake kulikuwa na kutafuta kitangulizi bora, kipimo salama, kampuni ya kuzalisha, na wagonjwa waliokubali kudungwa kitu kipya ili walio nyuma yao wafaidike.

Kuna swali lililo gumu zaidi: je, picha ikibadilika, mgonjwa anapona? Watu wengi wa fani yetu huliepuka. Emory hawakuliepuka. Katika jaribio liitwalo EMPIRE-1, lililotoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2021, wanaume 165 waliokuwa wameondolewa tezi dume na PSA yao kupanda waligawanywa kwa kura. Wengine walipangiwa tiba ya mionzi kwa picha za kawaida, wengine kwa picha za kawaida pamoja na flusiklovini. Katika kundi la pili, uamuzi wa tiba ulibadilika kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa. Baada ya miaka 3, ambao ugonjwa wao ulikuwa haujarudi walikuwa asilimia 63 katika kundi la kwanza na 75.5 katika la pili. Tofauti hiyo imetokana na kuielekeza mionzi mahali panapostahili. Hakuna dawa mpya ya kutibu iliyoongezwa.

Nitasema na upande wa pili, maana nawaheshimu. Flusiklovini imeshapata mshindani anayeishinda katika kazi hiyohiyo. Dawa zinazoshika PSMA, protini iliyojaa kwenye seli za saratani ya tezi dume, zilishindanishwa nayo huko UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, kwa wanaume 50 wenye PSA ya chini, matokeo yakatoka mwaka 2019: PSMA iliona ugonjwa kwa asilimia 56 yao, flusiklovini kwa 26. Leo vituo vingi vyenye uwezo vimehamia PSMA kwa tezi dume. Sioni huzuni yoyote hapo. Mgonjwa ndiye aliyeshinda. Na kwenye ubongo, ambako PSMA haina mamlaka hayo, asidi amino bado ndizo zinazopendekezwa. RANO, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa saratani za ubongo, kiliandika mwongozo wa kuzitumia kwa glioma mwaka 2016.

Sasa tuje hapa tulipo. Nairobi ina saiklotroni, katika Aga Khan University Hospital na katika hospitali ya Kenyatta University. Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni kwamba florini inayotoka kwa ajili ya FDG ndiyo florini ileile inayotakiwa kwa FET. Mashine kubwa na ghali kuliko zote, ile ya kuzalisha atomu, haibadiliki. Kinachobadilika ni kitangulizi, ambacho hununuliwa. Ni programu na vifaa vya mashine ya kuunganisha. Ni mbinu za kupima ubora. Ni nyaraka za kupeleka Pharmacy and Poisons Board na kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Na mtu. Mtu aliyesomea kemia ya florini, anayejua kusoma grafu ya HPLC, kipimo cha usafi wa dawa, saa kumi na moja alfajiri na kusema kundi hili la leo linapita au halipiti.

Kwa wanafamasia nina neno la pekee. Dawa hizi huvunja mazoea mliyofundishwa. Kipimo cha usafi dhidi ya vijidudu huchukua siku 14, na dawa yenyewe kesho haipo. Mgonjwa anadungwa kabla ya jibu la kipimo hicho. Kwa hiyo usalama wake wote umo kwenye jinsi ulivyoandaa chumba, ulivyokagua chujio, ulivyopima sumu za bakteria, asidi na usafi wa kimionzi katika dakika chache ulizonazo, na ulivyothibitisha mchakato mzima kabla ya mgonjwa wa kwanza. Sijui kazi nyingine ya famasia inayodai uaminifu wa kiwango hicho kila siku ya Mungu.

Mwishoni niwape kinachonifanya niamini kwamba njia hii haijafika mwisho. LAT1 inayoingiza dawa ya picha inaweza kuingiza dawa ya kutibu. Wajapani wamefanya hivyo kwa fenilalanini iliyobeba boroni-10. Inaingia kwenye saratani kwa LAT1, kisha wanaielekezea nyutroni, boroni inapasuka kuwa chembe ya alfa na lithiamu ambazo haziendi mbali kuliko upana wa seli moja hivi. Iliidhinishwa kwao mwaka 2020 kwa saratani za kichwa na shingo zisizoweza kupasuliwa. Na fenilalanini hiyohiyo ya boroni, ikifungwa florini-18, hupigwa picha ya PET ili kuona kama uvimbe wa mgonjwa huyu unaichukua vya kutosha kabla hajapigwa nyutroni. Asidi amino moja, mara ya kwanza inauliza, mara ya pili inatibu.

Nimewaachia walimu wenu michoro ya FET na ya flusiklovini, kitangulizi na hatua zote za kuunganisha. Wanafunzi wa kemia, itafuteni hatua ambayo mavuno yanapotea na mnipe pendekezo. Sasa nipokee maswali, tuanze na waliokaa nyuma.